Mpangaji wa Chumba cha Uani

Katika Kiswahili chetu, mpangaji ni mtu wa kuchungwa mara tatu. Kuna aliyepanga chumba kwako, ambaye mwisho wa mwezi hujui kama utamkuta yeye au utakuta mlango uko wazi. Kuna anayepanga vitu, hiki hapa, kile pale. Halafu kuna anayepanga njama. Mwanamke niliyempa chumba changu cha uani, hapa Mayfair, Johannesburg, alikuwa wa kwanza kwa makubaliano ya mdomo na wa pili kwa kazi, maana watu wenye nafasi zao walimlipa awapangie nyumba na ofisi. Huo upangaji wa tatu ndio nilioutafuta kwake muda wote tuliokaa pamoja. Na sikukosea, ingawa haukuwa ule niliodhani.

Alizaliwa wapi, sijui. Kwetu watu wa Tanga aliijua Ngamiani kama kiganja cha mkono wake. Akikaa na Wazanzibari, maneno yake yalilainika mpaka ungedhani amekulia Mkunazini. Kwa Mama Nadine, mama wa Bukavu mwenye saluni pembeni ya duka langu, alisema "niko nakuya" kama mtu wa hukohuko. Mama Nadine alimpenda kwa hilo. Mimi niliuliza, mtu mwenye Kiswahili cha kila mahali, kwao ni wapi?

Alikuja na begi moja. Mtu mzima, amenizidi kama miaka kumi, ameishi nchi hii kuliko mimi, na mali yake yote inaingia kwapani. Nilimtazama anavyopanga chumba kile, na haikumchukua hata muda wa chai kuchemka. Halafu akaja jikoni, akaona mifuko ya plastiki niliyoisokomeza nyuma ya jiko, akavuta kiti, akaanza kuikunja mmoja mmoja, pembe tatu pembe tatu, kama mtu anayefunga sambusa. Nikajisemea, huyu ametumwa. Tangu lini mtu mwema akakunja mifuko ya plastiki?

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa. Siku ya tatu nilirudi kutoka dukani nikakuta vyombo vyangu vyote vya jikoni viko juu ya kitanda changu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: vitu vinamwagwa kitandani, na mwenye kitanda halali mpaka vimalizike. Kisha anakiinua kimoja kimoja, anakuuliza swali lake lilelile.

"Mama Zuhura, hiki kinalipa kodi?"

"Kodi gani, shangazi? Si kifuniko cha sufuria?"

"Na sufuria yake iko wapi?"

Sufuria yake iliungua zamani.

"Basi huyu ni mpangaji asiyelipa. Umemweka miaka yote hiyo bure, na wewe unalipia nyumba."

Ndivyo alivyoamini. Kila kitu ndani ya nyumba ni mpangaji, na kila mpangaji alipe. Sufuria hulipa kwa kupika, kiti kwa kukaliwa, picha ya ukutani kwa kutazamwa. Asiyelipa anaonyeshwa mlango. Na usimtajie bei uliyonunulia kitu, atakwambia bei ni mahari tu, ndoa ni jambo lingine. Siku ile walifukuzwa chupa mbili za chai, kisagio kisicho na waya, na birika ambalo nililibeba kwenye basi kutoka Tanga mpaka Johannesburg, mapajani, kama mtoto. Birika niliomba lisamehewe. Alilishika kwa muda, akalirudisha. "Hili linalipa kwa machozi," alisema. "Nalo ni malipo."

Nilitaka kujua vilivyofukuzwa vinakwenda wapi. Alivibeba Jumamosi, hakusema. Wiki hiyohiyo nikaiona chupa yangu moja ya chai kwa kijana Msomali anayeuza chai karibu na msikiti. Nikarudi nyumbani nimevimba.

"Umeiuza chupa yangu."

"Nimeitafutia kazi," akasema, na wala hakuacha kuchambua dengu.

Nimsemeje? Kwangu ilikaa kabatini miaka haijaona chai.

Baadaye akaingia dukani. Mimi ni fundi cherehani. Nashona kanzu, nafupisha mabaibui, nabadilisha zipu za kila taifa. Duka langu lilikuwa na fujo, nakubali, lakini ilikuwa fujo yangu na tulijuana. Alinipangia nyuzi kwa rangi, vifungo kwa matundu, mapande kwa urefu. Wateja wakasifu. Mama Nadine akaja kutazama, akashika kichwa: "Ah, huyu mama iko na akili mingi!" Mimi nikawa kila nikinyoosha mkono nikapata mkasi mara ya kwanza, moyo unaruka. Nilihisi kuna mtu amepita humu akajua kila kitu changu kilipo, na hilo halikunipendeza hata kidogo.

Hata jirani yetu, bibi wa Kizulu wa nyumba ya kushoto, aliingiwa na wasiwasi, ila yeye kwa sababu nyingine. Alikuwa anasikia kutwa uani kwetu: panga hapa, panga kule, mama mpangaji, tupange, umepanga? Nchi hii neno panga wanalijua, nao wanalijua lile la kukatia. Akamwita Zuhura, binti yangu, kwenye ukuta, akamuuliza kwa sauti ya chini mama yako ana mapanga mangapi humo ndani, na kuna ugomvi na nani. Zuhura amezaliwa hapa. Kiswahili anakielewa chote ila hajibu nacho, na siku hiyo alilazimika kukitetea. "Eish, mama," aliniambia kwa Kiingereza chake alipoingia, akicheka mpaka kukaa chini, "nimemwambia ni masufuria tu." Mpangaji hakucheka. Alikwenda mwenyewe kwa yule bibi, akamkunjia mashuka yake yote, na tangu siku hiyo tukawa tunaletewa mboga za bustanini.

Sikumwamini pia kwa sababu ya ukimya wake. Mtu anayeingia vyumbani mwa watu, akashika nguo zao za ndani, akaona dawa wanazomeza na barua wanazoficha, angekuwa na ya kusimulia. Mama Nadine alimbembeleza kila siku amtajie hata moja. Hao matajiri wa Sandton wakoje? Ofisini Midrand ulikuta nini kwenye dawati la bosi? Hakupata kitu. "Kabati la mtu ni mdomo wake," alimjibu. "Nikilifunga, limefungwa." Kwangu alisema hivyohivyo, tena mara nyingi mno, mpaka nikawa najiuliza ananiambia kwa nini mimi ambaye sijauliza.

Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe, mfukuza wapangaji, alikuwa na kopo la biskuti limejaa funguo. Nililiona siku nilipoingia chumbani kwake kuchukua pasi yangu aliyoiazima, naye alikuwepo, msinielewe vibaya. Funguo za kila namna, nyingine zina kutu.

"Hizi zinafungua nini?" nikamuuliza.

"Hazifungui kitu."

"Basi zinalipa kodi gani?"

Niliona nimempata. Akazipekua kwa kidole, akatoa mmoja mdogo wa kufuli. Huo ulikuwa wa chumba chake cha zamani, mtaa wa Alexandra, humuhumu mjini. Mwaka ule wa fujo, wenyeji walipokuja kuwatoa wageni, aliondoka na ndala na ufunguo mkononi, maana alifunga mlango kabla ya kukimbia. "Niliwafungia," akasema. "Wakaubomoa ukuta." Akaurudisha koponi, akanipa pasi.

Sasa nifike kwenye kabati, maana ndiko tulikokosania.

Mume wangu aliondoka Zuhura akiwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Alisema anakwenda Durban, amepata kazi bandarini, akitulia atatuita. Simu yake iliita kwa muda, halafu ikawa haiiti. Wengine wakasema amekufa, wengine wakasema amepanda meli. Mimi nikabaki si mjane wala si mtalaka. Sheikh wa msikitini alinieleza kwa upole kwamba dini haimfungi mwanamke namna hiyo, iko njia ya kuivunja ndoa, niseme tu. Nikamshukuru, nikarudi nyumbani kupiga pasi mashati. Kabati letu lina milango miwili. Wa kushoto ni wangu, wa kulia ni wake. Kila Idi nilizitoa nguo zake, nikazipiga pasi, nikazirudisha. Mimi na Zuhura tulibanana upande wa kushoto, nguo zake za shule zinaning'inia juu ya zangu, na mlango wa kulia unafungwa kwa ufunguo. Sikuona haja ya kumweleza mtu. Nilikuwa namngoja, basi.

Mpangaji aliukuta mlango ule uko wazi siku moja ya Idi, mimi nikiwa napiga pasi. Akavuta shati, akaligeuza. Ndani ya kola, chini ya lebo, kuna mishono mitatu ya uzi wa kijani.

"Hii nini?"

Nikamwambia ni alama yangu. Tulipofika mjini humu tuliishi nyumba moja watu wengi, kamba ya nguo ni moja, mashati ya wanaume wote yanafanana. Nikawa namwekea mume wangu mishono mitatu ya kijani, asivae la mwenzake. Namwekea yeye peke yake, mteja simwekei.

Akalikunja shati. "Na hawa, Mama Zuhura? Wanalipa kodi?"

"Hawa wana mwenyewe," nikasema.

Alinitazama kidogo, akaufunga mlango. Ilikuwa mara ya kwanza nimuone ameshindwa, na nilifurahi.

Miezi ikapita. Akapata kazi kubwa Midrand, nyumba ndani ya ile mitaa yenye lango na walinzi, bwana na bibi wanahamia nyumba kubwa zaidi na hawataki kuhama na takataka. Alikwenda asubuhi, alirudi jioni. Siku ya pili au ya tatu alirudi akapitiliza moja kwa moja uani. Hakukunja kitu wala hakuuliza habari ya kodi. Kesho yake akaja mlangoni kwangu, akasimama kama mtu anayekuja kukopa.

"Nionyeshe tena ule mshono wako wa kijani."

"Wa nini?"

"Nauangalia tu."

Nilimwonyesha, Mungu anisamehe, nilidhani anataka kujifunza. Aliupitisha kidole huku na huku, akauliza kama kuna fundi mwingine anayeweka hivyo. Nikamwambia hakuna. Akashukuru, akaenda zake. Mimi nikabaki na shati mkononi. Kwetu mtu akiichezea nguo ya mume wako huwa hachezi bure. Nguo ya mtu ni mtu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na mimi nilimwona huyo mdudu na miguu yake.

Kuanzia hapo hakuniacha. Yule aliyekuwa anatania sasa alikuwa anasihi. Nikiosha vyombo, yuko nyuma yangu: "Mama Zuhura, zitoe zile nguo." Nikila: "Mtoto anakua, hana pa kuweka hata sidiria zake." Akaja na kijana wa msikitini anayekusanya nguo za wakimbizi wa Burundi, akamkalisha sebuleni bila kuniambia. Nikamtoa yule kijana kwa heshima na yeye nikamgeukia bila heshima.

"Shangazi, wewe unanipangia nini?"

"Nakupangia kabati."

"Unajua kitu. Unajua kitu kuhusu mume wangu."

Niliuliza kwa hasira tu, sikuwa na hakika. Lakini huyu ambaye hakukosa jibu hata kwa mwenye nyumba, alitazama sakafu.

"Zitoe kwa mkono wako," akasema. "Tafadhali. Usingoje."

"Ningoje nini?"

Akageuka kwenda uani. Nikamwambia mwisho wa mwezi apange kwingine. Hakungoja mwisho wa mwezi. Asubuhi nilikuta chumba cha uani kimefagiwa, mifuko yangu ya plastiki iko kwenye droo, pembe tatu pembe tatu, na mlango umefungwa. Ufunguo hakuuacha. Na Idi ilipofika, nilipotoa nguo kupiga pasi, shati moja la mistari halikuwepo.

Basi, nikasema, nilijua. Mchawi, au mwizi, au hawara wa mume wangu. Nililala na hayo matatu miaka, leo naamini hili, kesho lile. Mama Nadine alikataa katakata. "Ule mama hapana," alisema. "Mtu mubaya hakunje mashuka ya jirani." Nami nikamjibu kwamba hapo ndipo ubaya unapojificha.

Ni huyohuyo Mama Nadine aliyemwona tena. Alikuwa anapanua saluni, akapeleka viti vyake vya zamani Midrand, kwenye yale maghala ambayo watu hulipa kila mwezi kuwekewa vitu wasivyoweza kutupa wala kukaa navyo. Akarudi anapiga makofi. "Mama Zuhura! Ule mama wako ya kupanga-panga iko kule! Iko analinda bitu bya batu!"

Nilicheka kicheko kibaya. Mfukuza wapangaji amekuwa mlinzi wao. Jumapili nikapanda gari la Mama Nadine, mkoba begani, nimeshayapanga maneno yangu yote njiani, kuanzia lile shati.

Alikuwa kwenye kijumba cha langoni, amezeeka, miwani imefungwa kwa uzi. Nyuma yake safu kwa safu za milango ya chuma, yote imefungwa. Hakushtuka. Mama Nadine akaenda kuangalia viti vyake, akatuacha.

"Umefuata shati," alisema kabla sijafungua mdomo.

"Nimefuata shati."

Akainama chini ya meza, akatoa mfuko wa plastiki uliokunjwa vizuri. Ndani lilikuwemo shati la mistari. Chini yake kulikuwa na kanzu. Sikuhitaji kuigeuza, mtu anaijua kazi yake. Nilimshonea mume wangu kanzu ile Idi ya mwisho kabla hajaondoka, tarizi ya shingoni nilikesha nayo kwa mkono. Aliondoka nayo. Niligeuza kola hata hivyo. Mitatu, kijani.

"Nililichukua shati nilinganishe, ufunguo wa kabati nilijua unapokaa," akasema. "Macho yangu sikuyaamini. Halafu ukanifukuza, nikakosa pa kulirudishia."

"Kanzu umeitoa wapi?"

"Kabati la mtu..." akaanza, halafu akaacha. "Ile kazi nimeiacha sasa. Ile nyumba ya Midrand. Wale waliokuwa wanahama."

Midrand. Nusu saa kwa gari kutoka mlangoni kwangu. Miaka yote nilikuwa natazama upande wa bahari.

"Kwa hiyo yu hai."

"Yu hai. Ana watoto wawili. Wa kiume wote."

Nilikaa kwenye kreti iliyokuwa pale. Nilihisi hasira, kubwa kuliko niliyokuja nayo, na ilimwendea yeye kwanza kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.

"Ulijua, ukanyamaza. Ukanihangaisha na kabati."

"Ningekwambia usingeniamini. Wewe ulinishuku hata kwa mifuko." Akavua miwani, akaifuta kwa khanga. "Na hiyo siyo sababu. Nilitaka uzitoe nguo zake kabla hujajua. Uwe wewe umemtoa, Mama Zuhura. Siyo usikie kwamba yeye kakutoa, ndipo utoe."

Sikumwomba radhi, naye hakuniomba. Nilikuwa nimesema tangu siku ya kwanza kwamba anapanga kitu, na alikuwa anapanga. Kitu kimoja tu kilinisumbua, na nilijua nikiuliza nitajuta.

"Nani aliyeitupa? Mwanamke?"

"Mama Zuhura..."

"Nani?"

"Mwanamke alisema ni nzuri, iwekwe. Mimi nikamgeukia bwana, nikamuuliza kama ninavyouliza kila mtu. Hii inalipa kodi? Akaishika, akaitazama mbele na nyuma. Akasema itoe. Akasema hata sijui ni ya nani."

Nje Mama Nadine alikuwa anapiga honi. Nilisimama, nikachukua mfuko. Karibu na mlango, kwenye rafu, lilikuwepo lile kopo la biskuti, wazi, na juu kabisa niliuona ufunguo wa chumba changu cha uani. Aliniona nauona. Sikuudai.

Mama Nadine akaliondoa gari langoni. Nilikuwa nimeiweka kanzu mapajani. Fundi hatembei bila kimkasi, changu kiko mkobani daima. Nikageuza kola, nikafumua mshono wa kwanza, nikafumua wa pili. Uzi wa kijani bado ulikuwa imara, ilinibidi nivute. Tulipofika kwenye robot, yaani taa za barabarani, zikawa nyekundu, akasimama, akageuka kunitazama.

"Ni ya nani, hii nguo?"

Nikakata wa tatu, nikaupuliza uzi dirishani.

"Hata sijui ni ya nani," nikasema.